Barua ya Wazi kwa Mwanasayansi Mashuhuri Asiye na Jina

Mheshimiwa Mwanasayansi Mashuhuri, Mtukufu Afisa, Mzee wangu,

Shikamoo.

Naanza na shikamoo kwa sababu kwa hesabu zangu umri wako haupungui miaka sabini, nami nimelelewa Muleba, mkoani Kagera, ambako mdogo hafungui kinywa mbele ya mkubwa kabla ya kumwamkia. Vyeo nimekupa vingi kwa kuwa sijui kipi ni chako. Barua yako iliyochapwa Julai 1983 katika gazeti la Patriot, mjini New Delhi, ilieleza kwamba mwandishi wake ni mwanasayansi na mwanaanthropolojia mashuhuri wa Marekani. Jina halikuwekwa. Baadaye ikajulikana kuwa gazeti lile liliegemea upande wa Moscow, na kwamba barua ilitoka katika shirika la ujasusi la Kisovieti, KGB. Lakini jina la mtu aliyevuta kiti, akakaa, akaiandika, halijanifikia hadi leo. Niwie radhi basi nikikosea cheo.

Najua pia kwamba hutaitikia marahaba. Mtu wa hadhi yako, aliyezungumza na dunia nzima, hana sababu ya kugeuza shingo kwa sauti inayotoka migombani. Sikulaumu kwa hilo. Naomba tu barua hii ikae mezani pako kwa muda uleule ambao ya kwako imekaa kwetu.

Mheshimiwa, mwaka uleule wa barua yako, wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walipatikana mkoani kwetu. Sisi hatukuuita UKIMWI. Tuliuita Juliana, jina la kitambaa cha fasheni kilichoingia kwa biashara ya mpakani na Uganda. Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka waliuita Silimu, kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Nilikuwa na miaka minane. Nakumbuka mashamba ya migomba yakiota magugu kwa kukosa wa kuyapalilia, na nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu tu, katikati hakuna mtu. Nakumbuka mama akifua kanga moja nyeusi kila Jumapili jioni, kwa kuwa angeihitaji tena kabla wiki haijaisha.

Kwa hiyo shukrani yangu ya kwanza ni ya kweli, nami naitoa kwa mikono miwili. Miaka ile, dunia ilitutazama Waafrika kana kwamba ugonjwa ule ni mila yetu. Mtu anayetukanwa hushika kijiti chochote apate kujikinga, nawe ulitupatia kijiti. Uliandika kwamba ugonjwa ulitengenezwa na jeshi la Marekani katika maabara ya Fort Detrick, kule Maryland. Wengi wetu tulipumua. Hatukuwa na hatia, na hatimaye mtu mkubwa alikuwa amesema hivyo. Kinachoniuma, Mtukufu, ni kwamba hayo ungeweza kuyasema bila kutudanganya.

Nakushukuru pili kwa ustadi wako. Hukuokota jina la mahali kiholela. Fort Detrick ilikuwa kweli ikitengeneza silaha za vijidudu, mpaka Rais Nixon alipousimamisha mpango ule mwaka 1969. Na kule Tuskegee, Alabama, madaktari wa serikali ya Marekani walikuwa kweli wamewaacha mamia ya wanaume weusi waendelee kuumwa kaswende bila tiba, tangu 1932 hadi 1972, ili wautazame ugonjwa unavyokwenda. Msingi wa nyumba yako waliuchimba Wamarekani wenyewe, nawe ukaweka kuta na paa. Ndiyo maana hata leo ni vigumu kuibomoa: ukigonga ukuta, mtu anakuonyesha msingi.

Kisha ukawa na subira, Mzee wangu, na subira ni sifa ya wakubwa. Barua ililala miaka miwili. Oktoba 1985 ikaamshwa na gazeti la Moscow, Literaturnaya Gazeta. Mwaka uliofuata Jakob Segal, profesa wa biofizikia wa Berlin Mashariki, akaivika joho la kitaalamu, akadai virusi viliunganishwa maabara mwaka 1977. Na andiko lake likagawiwa Harare, kwenye mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote. Nchi yangu ilikuwa miongoni mwa wenye mkutano. Kufikia 1987, Wamarekani walihesabu kwamba habari yako imetokea katika nchi zaidi ya 80 na kwa lugha zaidi ya 30. Kwetu ilifika bila gazeti. Ilifika kilabuni, kwenye rubisi, kwa mdomo wa mtu aliyesikia kwa mtu.

Wataalamu wameshaonyesha kwamba virusi vilitoka kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni, vikateremka hadi Kinshasa, na kuenea kwa watu miongo mingi kabla ya huo mwaka 1977. Damu iliyochukuliwa Kinshasa mwaka 1959 tayari ilikuwa navyo. Nakuandikia hili kwa adabu tu, kwa kuwa nadhani wewe ulilijua mapema kuliko sisi kwamba ulichokiandika hukukitoa maabara yoyote.

Mwaka 1992 Yevgeny Primakov, aliyekuwa mkuu wa ujasusi wa nje wa Urusi, alikiri kwamba habari ile ilipikwa na KGB. Nampa shukrani zake, maana wakuu wa majasusi hawakiri kila siku. Ila, Mheshimiwa, kukiri kule kulifanyika Urusi, kwa Kirusi. Kaka yangu alikuwa Muleba, na Kirusi hakukijua.

Kaka alipimwa mwaka 2006. Dawa zilikuwa za bure, naye alikuwa amesikia kwamba nyingi zinalipiwa na Marekani. Alizimeza miezi mitano, akaanza kunenepa, hata akarudi kupogoa kahawa. Kisha siku moja akaniambia, akiwa amekaa kizingitini: "Waliotengeneza ugonjwa ndio wanaoleta dawa. Mimi si mjinga." Akaacha. Tulimzika mwaka 2008, nyuma ya nyumba, kwenye migomba ya baba.

Sisemi kwamba wewe ulimuua. Alikuwa mtu mzima, aliamua mwenyewe, na mimi niliyekaa naye kizingitini sikujua la kumjibu. Hilo nitalibeba mimi. Nasema tu kwamba sentensi ile haikuwa ya kaka yangu. Hakuongea hivyo. Nimeitafuta asili yake miaka mingi, nikisoma usiku kilichopatikana, na njia ikanileta mlangoni kwako.

Wala kazi yako haikuzeeka. Machi 2020 msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya China, Zhao Lijian, aliandika kwamba huenda jeshi la Marekani ndilo lililopeleka korona Wuhan, na jina la Fort Detrick likatolewa tena kabatini. Jeshi la Marekani nalo, kama shirika la habari la Reuters lilivyofichua mwaka 2024, lilikuwa likitumia akaunti za kificho kuwatisha Wafilipino waikatae chanjo ya China, wakati watu wanakufa. Julai 2021 Tanzania ilipokea dozi zaidi ya milioni moja za chanjo kutoka Marekani. Shangazi yangu alikataa kuchanjwa, na sababu aliyonipa ilikuwa sentensi ya kaka, neno kwa neno.

Sasa ombi langu, Mtukufu. Si fedha. Kwetu, kabla ya kuanua matanga, mzee wa ukoo husimama na kuuliza: nani anamdai marehemu, na marehemu alikuwa akimdai nani? Siku ya kaka, walisimama watu wanne. Deni la sentensi ile halikutajwa, kwa kuwa wakati huo hatukujua mdaiwa anaishi wapi.

Nakuomba uje. Meli ya usiku kutoka Mwanza huingia Bukoba asubuhi. Nitakuwa bandarini, nitakubebea mzigo wako hadi Muleba. Utapewa buni za kutafuna kama anavyopewa kila mgeni wa heshima. Ukishapumzika, tutakwenda nyumba kwa nyumba. Katika nchi 80 hukuhitaji miguu; hapa nakuomba miguu. Kila kizingiti utakaa chini, utasema: "Mimi ndiye niliyeandika. Haikuwa kweli." Nitakutafsiria kwa Kihaya. Tutasubiri mpaka mwenye nyumba aseme amesikia, ndipo tuinuke. Ambako mwenye nyumba yuko chini ya migomba, utayasema hapo hapo kaburini, na utaanza na la kaka yangu. Tukimaliza Muleba tutakwenda Misenyi, kisha tutavuka mpaka tuingie Rakai. Nimeomba likizo ya mwezi mmoja. Najua hautatosha, nitaomba mwingine.

Kama Mungu amekwisha kukuita, basi aje mwanao mkubwa. Mrithi wa jembe ndiye mrithi wa deni, na nitamwamkia kwa heshima ile ile.

Daftari la rambirambi la msiba ule ninalo bado. Lina safu tatu: jina, anakotoka, kiasi. Baada ya jirani wa mwisho niliacha mstari mmoja mtupu. Safu ya kiasi unaweza kuiacha wazi. Ya jina, Mheshimiwa, nakuomba uijaze kamili, pamoja na jina la baba yako.

Shikamoo tena.

Mdogo wa marehemu,
Muleba, Kagera