Kapera Mwenye Nyumba: Namna ya Kukata Bima Bila Kuumiza Kichwa

Hongera kwa kuhamia kwako Goba. Hati iko benki, mkopo utaisha ukiwa na mvi, na hakuna mke wala mume wa kukuhoji. Suala la bima unaweza kulivuruga peke yako, kwa nafasi. Fuata hatua hizi.

1. Ridhika na ya benki. Afisa mikopo akikwambia "bima imo humo humo," usiulize ni bima ya nini. Mara nyingi ni mbili: ya jengo, na ya maisha ya mkopaji, ambayo ukifa huilipa benki deni lililobaki. Friji, godoro na televisheni havimo. Hivyo hukatiwa bima yake kando, lakini nani ana muda?

2. Taja thamani ndogo. Tuseme kuijenga upya nyumba hiyo kutagharimu shilingi milioni 80. Andika milioni 40, ada ishuke. Siku jiko likiungua na hasara ikafika milioni 10, kampuni itakupa milioni 5, kwa kuwa nyumba uliikatia bima nusu. Usilalamike, hesabu hiyo uliianza wewe. Au geuza kibao: jumlisha na bei ya kiwanja, uwe unalipa kila mwaka ili udongo usiungue.

3. Maandishi madogo waachie wanasheria. Bima ya kawaida ya moto hukinga moto na radi. Mafuriko na tetemeko mara nyingi huongezwa kwa makubaliano, kwa ada ya ziada. Puuza. Tetemeko ni mambo ya Wajapani, hata kama Bukoba ilitikisika tarehe 10 Septemba 2016 na nyumba zikalala chini. Na kuhusu mafuriko, dalali aliyekuuzia kiwanja cha bondeni alikuapia kwamba maji hayafiki. Usiangalie pia sharti la nyumba kukaa tupu, ambalo katika mikataba mingi huanzia siku 30. Wewe unayeishi peke yako nenda kijijini, unganisha likizo na msiba na harusi, ufunguo umwachie jirani.

4. Bima ya maisha ni ya wenye familia. Wewe huna mtegemezi. Mama anayesubiri muamala kila mwisho wa mwezi, mdogo wako aliye chuoni na mjomba wa dawa za presha ni watu wa nyumbani tu. Ukilazimika kumtaja mnufaika, acha jina la yule mchumba wa zamani; kubadilisha fomu ni usumbufu.

Bima ya ulemavu nayo iruke haraka. Ukivunjika nyonga ukakaa kitandani miezi sita, bima ya kifo haitalipa, kwa sababu hujafa. Wenye ndoa huegemea mshahara wa pili. Wewe utaegemea mto, na rejesho la benki litaendelea kuja kila tarehe yake.

5. Mwamini wakala mcheshi. Mtumie ada kwenye namba yake binafsi. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ndiyo husajili kampuni, mawakala na madalali wa bima, lakini kumhakiki mtu aliyekuita "bosi" mara nne ni kukosa adabu. Risiti atakuletea akipita maeneo hayo.

6. Janga likitokea, safisha kwanza. Tupa waya ulioungua, piga deki, paka ukuta rangi, na picha usipige hata moja. Miezi mitatu baadaye ipigie simu kampuni. Mkaguzi atakuta sebule inang'aa, nawe utamsimulia moshi.

7. Baki na bima ya ukoo. Haina fomu wala ada. Mtu anafungua kundi la WhatsApp, wanateuliwa mwenyekiti na mweka hazina, majina yanaorodheshwa, na kila mmoja anaandika "pole sana" kabla hajaandika kiasi. Kwa wengine huwa inalipa vizuri: shangazi alitibiwa, binamu akaezeka upya. Kabla hujaitegemea, pandisha tu orodha za michango ya nyuma uone nani alikuwa akitoa cha maana. Ni wewe.