Sifa za Kadi Inayofutika

Wapo wanaoilaani kadi ya mpiga kura kwa sababu maandishi yake yanafutika. Mimi naisifu mchana kweupe, hapa Katuba, mjini Lubumbashi nchini DRC, ambako karatasi yoyote yenye picha ni mali.

Tuanze na ukoo wake. Sheria ya tarehe 24 Desemba 2004 iliipa kazi ya kitambulisho cha raia, kwa muda tu. Muda huo umepita miaka 20 na bado ni muda. Kitambulisho chenyewe kilichoahidiwa kilionekana tarehe 30 Juni 2023, Rais Tshisekedi akakabidhiwa cha kwanza. Mwaka uliofuata mkataba wa kukitengeneza ukavunjwa. Kadi yetu haikuringa. Iliendelea kusajili laini za simu, kutoa pesa kwa wakala na kumtuliza askari wa kizuizi cha barabarani.

Linganisheni na mafundi wa kompyuta, wenye desturi moja ya ajabu. Wakitaka kubadilisha hifadhidata inayowatambua watumiaji, mlango wa mbele hawaugusi. Jina na nywila vinabaki vile vile, ghala la zamani na jipya yanafanya kazi pamoja kwa siku kadhaa, kumbukumbu zinahamishwa usiku, na asubuhi mtu anaingia kama kawaida bila kujua lolote. Uchoyo ulioje! Shughuli kubwa namna hiyo, na mwenye jina hakualikwa.

Sisi tunaalikwa. Tuliitwa kujiandikisha kabla ya uchaguzi wa 2006, tukaitwa kabla ya ule wa 2011, kabla ya ule wa 2018, na mkoa wetu wa Haut-Katanga ukaitwa tena mwanzoni mwa 2023. Kila mara unapanga foleni alfajiri, unakaa mbele ya kitambaa cheupe, unatoa vidole kana kwamba vya mara iliyopita vimeota upya, na mashine iliyotoka kwenye sanduku inatema kadi papo hapo. Niambieni ni benki gani inayompa mteja heshima hiyo. Tena sensa ya mwisho ilifanyika 1984, kwa hiyo aliyezaliwa baada ya hapo serikali haijamhesabu kama mtu, imemhesabu kama mpiga kura tu. Mwaka 2023 tulizidi milioni 43. Bila foleni hizi tungejuaje kwamba tupo?

Na sasa kufutika kwenyewe. Kadi za 2023 zilianza kupauka kabla hata ya kura ya tarehe 20 Desemba, tume ya uchaguzi, CENI, ikalazimika kutoa nakala za pili. Yangu ilianzia pembeni, pale kidole gumba kinaposhika. Zikaondoka tarakimu, likafuata jina la mama, na mwisho sura ikabaki nywele na kola ya shati. Huo ni unyenyekevu usioonekana katika kitambulisho chochote cha Ulaya. Pasipoti ya huko inadai inakujua kwa miaka kumi. Kadi hii inakiri mapema kwamba haikujui.

Juzi wakala mmoja wa pesa za simu aliigeuza juani mara mbili.

"Papa, shioni muntu hapa."

"Ni miye, mama."

Hakubishana. Alimgeukia muuza mboga wa jirani: "Huyu unamujua?"

"Namujua. Ni bwana ya mama ya makala," yaani muuza makaa.

Pesa ikatoka. Fundi wa programu angehitaji seva mbili na ujumbe wa simu wenye namba za siri kufika hapo. Na msidhani ni uhuni wa mtaani: hata kwenye uandikishaji, asiye na karatasi yoyote huweza kuletewa mashahidi waliokwisha kuandikwa kituo kile kile. Muuza mboga, kwa hiyo, alikuwa anafanya kazi ya serikali bila mshahara, jambo ambalo watumishi wengi wa serikali wa hapa wanalifahamu vizuri.

Uchaguzi mwingine unatakiwa kufanyika 2028, na mtaani maandalizi yameanza. Jirani yangu mmoja ameshachagua umri. Umri wake wa 2023 ulikuwa mdogo kuliko wa 2018, na karani hakuwa na la kumsuta. Mke wangu anataka picha ambayo hakupigwa akiwa ametoka juani. Mimi naomba wino tu.