Jinsi ya Kuijua Kericho kwa Siku Moja, kwa Njia ya Mkato

Rafiki yangu, una siku moja tu, na jioni unataka kusimulia kama mtu aliyeishi huku miaka. Usione haya, kila mtu hupenda kusikilizwa. Fuata mambo haya.

1. Piga picha kwenye mashamba ya chai asubuhi na mapema, umalizane nayo. Najua ndiyo iliyokutoa nyumbani. Simama kando ya barabara, usiwazibie wachumaji njia.

2. Beba neno moja: kitani. Chai anaijua kila mtu. Wachache wanajua kwamba baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mwaka 1919, serikali ya kikoloni iliwatengea maofisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani ekari 25,000 hapa Kericho. Walikuja kulima kitani, mmea wa nyuzi za kufumia nguo. Bei ikaporomoka, makazi yao yakavunjika baada ya miaka michache, na katikati ya miaka ya 1920 zikaingia kampuni za Brooke Bond na James Finlay na miche ya chai. Ukilieleza hili mezani, watu wataacha kutafuna. Basi usikatize hapo. Waambie pia kwamba walowezi walishindwa, lakini ardhi haikurudi kwa Wakipsigis, wenyeji wa huku.

3. Usipoteze saa ukitafuta mashua. Mito ya huku hushuka kutoka milima ya Mau kwa kasi na maporomoko. Biashara ya mito hiyo iko ukingoni. Panda matatu kupitia Kapsoit hadi Sondu, sokoni, wanapokutana Wakipsigis, Wajaluo na Wakisii. Nunua kitu, hata kama ni chungu kimoja kidogo tu, na usione aibu kubishania bei. Mteja huambiwa mengi kuliko mgeni anayeuliza maswali.

4. Hii ndiyo njia ya mkato kubwa kuliko zote: mtafute mzee wa Kipsigis. Salimia “Chamge,” kaa, simu iweke mfukoni. Ukiletewa mursik, maziwa yaliyochachuka, kunywa. Ule weusi ni mkaa uliosuguliwa ndani ya kibuyu. Kisha mwulize habari za Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho ambao serikali ya kikoloni iliuhamisha kwa nguvu mwaka 1934 hadi Gwassi, kule karibu na Ziwa Victoria. Uliza mara moja, unyamaze. Akinyamaza naye, usimsukume. Wapo waliozaliwa na watu waliotembezwa safari ile, na wanaidai haki yao hadi leo.

5. Jioni wasikilizaji wako watataka picha. Waonyeshe. Kabla hawajasema kunapendeza, weka kidole kwenye mstari wa kwanza wa chai, uwaambie ng'ombe wa nani walilishwa pale. Kama ulikaa vizuri na mzee, utakuwa na jina la kuwatajia.