Mvinyo wa Wodini

Mwaka ule nilipopanga chumba na jiko huko Morogoro, rozela kavu ikiuzwa sokoni kwa bei ya kutupa, nilishikwa na ghera ya kujitengenezea mvinyo wangu mwenyewe. Nikanunua ndoo ya plastiki ya lita 20, sukari na hamira, nikaifuta ndoo kwa kitambaa kilekile cha kufutia meza, nikiamini kuwa kitu kipya kilichotoka dukani hakina haja ya kutiliwa shaka. Baada ya mwezi nikafunua siki: kali, nyekundu, yenye utando juu. Chupa mbili nilimpa mama mwenye nyumba za kutilia kachumbari, akanishukuru sana, nami sikuona sababu ya kumweleza nilichokuwa nimekikusudia.

Sahibu yangu mmoja, mtu wa maabara, aliposikia kisa hicho alinikaripia: "Bwana wee, hukutengeneza mvinyo, umefuga vijidudu. Vyombo vitie dawa!" Laiti angalitaja ni dawa gani, na kwa kiasi gani! Maadamu aliniachia hiari, nikamimina ndooni chupa nzima ya jiki, na harufu yake iliponizidi nguvu nikakumbuka, kwa busara ambayo hadi leo inanitia haya, kwamba siki huondoa shombo la samaki, sembuse harufu ya jiki. Nikaongeza ile siki yangu iliyobaki.

Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ileile waliyofunguliwa wanajeshi wa Ufaransa huko Ypres mwezi wa Aprili 1915. Mimi sikuwa na vita na mtu, lakini nilitoka jikoni mbio, macho yakichuruzika na kifua kikiwaka, nikagongana na mama mwenye nyumba uani.

"Mwanangu, kuna nini?"

"Hakuna neno, mama. Nasafisha ndoo."

Akachungulia dirishani, akarudi nyuma hima, akaziba pua kwa ncha ya kanga. "Basi choo," akasema, "utaniachia mimi."

Jiko lilipopata hewa niliisuuza ndoo mara moja tu, kwa pupa, nikaanza upya. Mvinyo wa safari hii haukuchacha. La hasha, ulikuja na ladha ya bandeji. Sahibu yangu alionja funda moja, akafumba macho kwa taadhima, akatamka: "Wodi ya majeruhi." Kisha akanifunulia siri: klorini iliyobaki chomboni huungana na fenoli zilizomo katika mimea, ikazaa ladha hiyo ya dawa, ambayo tone dogo lake tu huharibu ndoo nzima.

Tangu hapo nimejifunza adabu. Kwanza naosha kwa sabuni na kitambaa laini, kwani uchafu huimaliza nguvu dawa kabla haijawafikia vijidudu, na mikwaruzo ya steelwire ni mapango yao. Kisha jiki isiyo na manukato, kijiko kikubwa kimoja kwa lita 4 za maji baridi, dakika 20, madirisha wazi. Halafu nasuuza tena na tena kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Sufuria ya chuma cha pua siilowekei humo, maana jiki huitoboa vijitundu, hata kama iliuzwa kwa sifa ya kutoshika kutu.

Hivi karibuni jamaa aliyeko Uingereza aliniletea dawa wanayoitumia watengeneza pombe wa nyumbani wa huko: asidi yenye povu jingi, mililita 30 kwa lita 19 za maji, dakika moja au mbili, wala haisuuzwi, na povu linalobaki halidhuru kinywaji. Nimeipenda mno. Ila ni asidi, na jiki ingali jikoni, na sifa zangu zimekwisha kuenea mtaani. Kwa hiyo dawa ya Uingereza imefungiwa kabatini chumbani, na ufunguo anao mama mwenye nyumba.