Barua kutoka Uingereza: Klachi ya Mwenye Ndoto

Ndugu zangu wa Tanga,

Huku kuna gari dogo la viti viwili liitwalo Mazda MX-5, ambalo huko nyumbani lingehesabiwa kuwa bati lililopotea bure: halina pa kumkalisha shangazi, sembuse gunia la machungwa. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989. Mwaka 2000 Guinness waliliandika kuwa gari la spoti la viti viwili lililouzwa kuliko yote duniani, na Aprili 2016 likatoka kiwandani la milioni moja. Yale ya mwanzo sasa yamepita miaka thelathini, mengi yameshakula klachi zake, na wenyewe, watu wazima wenye mikopo ya nyumba na vidonge vya presha, wanatafuta klachi mpya. Hapo ndipo busara inapoombwa isubiri nje. Mtu aliyechagua godoro kwa makini ya hakimu atalinunulia gari hili klachi ya mashindano, kisha aende nalo kununua maziwa. Ninachosema mimi ni kwamba karibu kila mmoja wao angefaidika na klachi ya aina ileile gari lililotoka nayo kiwandani, na karibu kila mmoja ataona ametukanwa akiambiwa hivyo.

Lawama ya kwanza ni ya wauzaji. Klachi za namna hii zinauzwa kwa madaraja: Hatua ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, na kuendelea. Mnunuzi anadhani kuna baraza fulani, kama NECTA, linalotunga mtihani na kutoa vyeti. Hakuna. Kila kiwanda kinajitungia, kinajisahihishia na kujipa daraja la kwanza. Hatua ya Pili ya huyu inaweza kuwa laini kuliko ya Kwanza ya yule, na binadamu alivyo, hakuna anayetaka kutaja mbele ya wenzake kwamba yeye yuko ya Kwanza. Serikali nayo haisaidii. Gari likishatimiza miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, wakaguzi wakapima breki, taa, honi, hata waipa za kioo, lakini imeandikwa waziwazi kwamba ukaguzi huo hauhusu hali ya injini, klachi wala giaboksi. Kwa hiyo katika jambo hili raia wa Uingereza, aliyezoea kuelekezwa hata namna ya kusimama kwenye eskaleta, ameachwa peke yake na ndoto zake.

Tuziache ndoto, tushike hesabu. Klachi inashikilia nguvu ya injini kwa mambo manne: presha pleti inabana kwa kiasi gani, lainingi ina msuguano kiasi gani, nyuso zinazosuguana ni ngapi, na ziko umbali gani kutoka katikati. Basi. Injini ya kwanza ya MX-5, ya lita 1.6, inatoa nguvu ya kuzungusha ya newtoni mita 136 hivi, na klachi pleti yake ina kipenyo cha milimita 200. Tufanye kwa mfano kwamba lainingi imeanzia kwenye kipenyo cha milimita 130, kwa hiyo wastani wa umbali kutoka katikati ni milimita 82.5. Tufanye pia presha pleti inabana kwa newtoni 4,000 na msuguano ni 0.3. Nyuso ni mbili. Zidisha vyote, unapata newtoni mita 198. Injini inasukuma 136, klachi inaweza kushika 198. Kuna akiba ya karibu asilimia 45 imekaa tu haina kazi. Sasa weka ile ya mashindano inayoshika 400. Gari litaongeza mwendo kwa kiasi gani? Sifuri. Klachi isiyoteleza imeshapeleka nguvu yote iliyopo, na hakuna namna ya kutoteleza zaidi ya kutoteleza. Sentensi hiyo ingetosha kufunga maduka kadhaa, na pengine ndiyo sababu huioni kwenye matangazo.

Mjomba, najua utasema: hata kama mwendo hauongezeki, kitu chenye nguvu si ndicho kinachodumu? Swali ni halali, hasa kwa anayeifahamu ile barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto na harufu ya klachi iliyochoshwa. Lakini klachi ina kazi mbili, kushika na kuachia, na tunayoilipia mjini ni ya pili. Pleti ya kawaida ina springi katikati za kumeza mtikisiko wa injini, na kati ya lainingi zake mbili kuna vibati vyembamba vyenye mawimbi vinavyofanya ushikaji uingie taratibu. Pleti za mashindano kali zina vipande vichache vya seramiki au madini, mara nyingi bila mawimbi hayo, na nyingine hazina hata springi za katikati. Zinavumilia joto vizuri sana, hilo silikatai. Ila zinashika kwa ghafla: ama gari limesimama ama limeruka. Kwenye foleni ya London, na kwenye hizi kipilefti zao zilizozaana kila kona, dereva anatikisa kichwa mbele na nyuma mpaka waenda kwa miguu wanamwitikia salamu. Ili asiruke, anakanyaga mafuta zaidi na kuichelewesha klachi, yaani anaiteleza makusudi, huku vile vipande vigumu vikiikwangua flaiwili, lile gurudumu la injini ambalo klachi hulishika. Huo ndio udumifu alioununua.

Tena nguvu ya kubana haiji bure. Presha pleti kali ina springi kali, na springi kali inataka mguu mkali. Kila unapoikanyaga, msukumo wake unapita kwenye rilizi beringi hadi kwenye shafti kuu ya injini, nayo ina beringi yake ya kuizuia isisogee mbele, ambayo kiwanda kiliipima kwa springi ya kawaida, wala si kwa matamanio ya mnunuzi. Kuna na hili ambalo mafundi wa MX-5 wanalijua: difu ya zile 1.6 za mwanzo ni dhaifu. Klachi ya kawaida ikipigwa kwa fujo huteleza kidogo, ikaungua kidogo, ikanuka, na yaliyo nyuma yake yakasalimika. Ukiweka klachi isiyosamehe, umeuhamishia ule udhaifu kwenye difu, na difu ikivunjika hainuki. Inapiga kelele.

Wapo wanaojibu kwa hoja ya pesa, na hii ndiyo hoja yao nzuri kuliko zote. Kazi ya kubadilisha inakula fedha kuliko klachi yenyewe. Katika MX-5 giaboksi na difu zimeunganishwa na boriti ndefu ya aluminiamu, na lazima uifungue kabla giaboksi haijashuka. Mafundi wa huku wanatoza kwa saa, na saa zao hazina utani. Basi, wanasema, ukishafungua yote hayo, kwa nini usiweke bora kabisa mara moja? Nakubaliana na mwanzo wa hoja, nakataa mwisho wake. Bora kabisa ni kununua seti kamili: pleti, presha pleti, rilizi beringi na ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, kisha ukabadilisha sili ya oili ya nyuma ya injini, na flaiwili ikasawazishwa au ikabadilishwa. Hiyo sili ni ya bei ya mlo mmoja wa samaki na chipsi, lakini ikivuja inailowesha klachi mpya oili, na klachi iliyolowa oili inateleza hata iwe ya Hatua ya Tisa. Nunua ya watu wanaoeleweka, kama Exedy wa Japani, au LuK ya Schaeffler, au Sachs ya ZF, na ununue kwa muuzaji anayejulikana, maana feki hazipatikani Kariakoo peke yake. Na kabla ya yote hayo, hakikisha kwamba klachi ndiyo mgonjwa. Gia ikikataa kuingia, mara nyingi kosa ni la silinda ndogo ya chini inayopokea msukumo wa pedali, ambayo kwenye gari hili imefungwa nje ya giaboksi kwa bolti mbili tu, na ina sifa ya kuvuja. Methali yetu inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiyo silinda haijawahi kutengenezewa tangazo.

Wawili nawaruhusu kupita. Wa kwanza ni mwenye tabo, ile ya kuiongezea injini nguvu, iliyokwisha kufungwa, si ile ya mwakani. Hii tabo ya mwakani ni kiungo cha kudumu cha magari ya spoti huku. Watu wanainunulia klachi, wanaitangazia bima, maana bima hapa inataka kujulishwa kila badiliko, kisha mtoto anaingia chuo na habari inaishia hapo. Hata huyo mwenye tabo ya kweli atafute kipimo cha newtoni mita kilichoandikwa, achane na hatua. Wa pili ni mwenye 1.6 anayeweka flaiwili na klachi za 1.8 iliyofuata, yenye pleti ya milimita 215. Rudini kwenye hesabu yetu: kwa kubana kulekule, wastani wa umbali ukifika milimita 90, unapata newtoni mita 216 na pedali haijaongezeka uzito hata chembe. Huyo hakununua misuli, amerefusha mkono, na ninamvulia kofia.

Mwaka 1995 Mazda hao hao waliuza hapa MX-5 ya 1.6 iliyopunguzwa nguvu hadi farasi 90 hivi, na watu wakaifurahia, kwa kuwa gari halifiki hata tani moja na sheria ya barabara kuu inaishia kilomita 112 kwa saa. Wenye gari hilo nao wanatafuta Hatua ya Tatu.

Anayetaka nimtafutie klachi ya Hiace anitumie kwanza namba ya chesisi. Asiniandikie tena "ile ya kawaida, wanaijua."

Ndugu yenu wa ughaibuni