Mwiba wa Mkonge

Kopo la sindano nililiacha mimi. Usiku wa kuamkia safari nilikaza kifungo cha shati la Baba Neema, nikaliweka kopo mezani, asubuhi nikalifunika kwa kitambaa pamoja na vikombe. Nililikumbuka treni ikiwa imeshapita Morogoro.

Tulikuwa sita, tumechukua chumba kizima cha daraja la pili, tunakwenda Tabora kumposea shemeji yangu. Alfajiri Baba Neema akashuka kitanda cha juu na suruali ya suti aliyosafiria. Nilisikia kitambaa kikilia. Mshono wa nyuma ulikuwa umefumuka kuanzia chini ya mkanda hadi mapajani. Suruali nyingine ilikuwa kwenye sanduku ambalo kaka yake alitangulia nalo kwa basi. Alibaki na msuli wa kulalia tu, na wakwe watarajiwa walisema watatupokea stesheni jioni ileile.

Mama mkwe akachomoa pini ya ushungi wake. Ilishika mpaka mwanawe alipoketi, ikafunguka ikamchoma. Shangazi akabandika plasta ya vidonda kwa ndani; jua lilipopanda, gundi ikateleza kwa jasho. Mkagua tiketi, kijana mwenye huruma, akatuazima stepla. Tukapiga pini 11, nami nikapumua. Lakini karatasi haivutiki, kitambaa kinavutika. Baba Neema alipoinama kufunga kamba za viatu, pini zilichomoka moja baada ya nyingine. Nililia. Sikulilia suruali, nililia lile kopo.

Baada ya Gulwe treni ilisimama muda mrefu, maana njia ni moja na ya mizigo ilikuwa inakuja. Mama mkwe alikuwa dirishani, anatazama wigo wa mkonge kando ya reli.

“Mwanangu,” aliniambia, “nenda kanikatie jani moja. Mwiba wake usiuvunje.”

Mama alizaliwa kambi ya mkonge, Kimamba, baba yake akifanya kazi kwenye korona, mashine ya kusaga majani. Tangu niolewe hakuwahi kunisimulia zaidi ya hapo. Alilipasua jani, akaacha ukanda mwembamba ulioshikana na ule mwiba mweusi wa ncha. Akauponda kwa mgongo wa kisu, akakwangua nyama ya kijani mpaka zikabaki nyuzi nyeupe zinaning’inia kwenye mwiba: sindano na uzi wake, vimeota pamoja. Utotoni walishonea hivyo mipira ya matambara.

“Maji yake yanawasha,” alisema, akaziosha nyuzi mara tatu kwa maji yetu ya kunywa, akazianika dirishani. Zilipokauka alizichambua zikabaki nne, akazisokota pajani zikawa uzi mmoja.

Mwiba wa mkonge ni mnene, unaacha tundu kubwa. Kwa hiyo hakushona ukingoni, aliingia ndani kidogo ambako kitambaa bado kina nguvu, na kila baada ya hatua mbili alirudi nyuma moja. Behewa likiyumba, mkono ulisimama. Likitulia, uliendelea. Uzi ulipokwisha nilimtengenezea jani la pili mwenyewe, yeye akiniangalia. Saranda watu walijaa madirishani kununua kuku wa kuchoma. Mama hakuinua kichwa.

Giza lilikuwa limeingia tulipofika Tabora. Baba Neema alishuka na suti yake kamili, koti limefungwa vifungo vyote, akaketi mkekani ukweni karibu saa mbili. Nadhani jani langu sikuliosha vizuri, maana nilimwona akijisogeza kila mara, na Mama akimwekea mkono gotini atulie. Barua ilipokelewa.

Tuliporudi Dar es Salaam, fundi wa mtaani kwetu aliigeuza ile suruali ndani nje, akataka kuufumua mshono aushone upya kwa cherehani. Nilimwomba apitishe wake pembeni, ule wa Mama auache.