Kuezeka Motokaa Puta

Motokaa ambayo paa lake si bati bali ni kitambaa kinachokunjwa na kukunjuliwa ilibuniwa kwa ajili ya watu wenye barabara laini, mvua haba na majirani wasiouliza maswali. Na Puta, katika nchi ya Wabwile, ufuoni mwa Ziwa Mweru upande wa mashariki, kaskazini ya Nchelenge na Kashikishi, haina hata sifa moja katika hizo tatu. Hata hivyo motokaa moja ya namna hiyo ilifika huko, na kwa kuwa mwenyewe alikuwa na deni langu la magunia ya chisense, yaani dagaa wa ziwa lile, ambalo ahadi yake ilikwisha pita zamani, alinikabidhi ufunguo mbele ya mashahidi, akaniombea heri, akapanda mashua kwenda zake Pweto. Watu wa pwani si wageni pande hizi. Mwaka 1867 Hamed bin Muhammed, yule aitwaye Tippu Tip, alipigana na Nsama, mtawala wa Itabwa, katika nchi iliyo baina ya ziwa hili na Tanganyika, akaondoka na shehena kubwa ya pembe. Na mimi, mtu wa Tanga niliyefuata njia hizo hizo karne moja na nusu baadaye, fungu langu likawa Eunos Roadster iliyochanika utosini.

Niitaje sifa yake kwa insafu. Eunos Roadster ndilo jina ambalo Mazda MX-5 iliuzwa kwalo huko kwao Japani ilipotoka mwaka 1989. Ni motokaa ya watu wawili, nyepesi, hodari wa kukimbia, na fupi ya kimo kiasi cha kwamba mbuzi wa Puta huinamisha shingo ili kuwatazama waliomo. Dirisha lake la nyuma, kabla ya zile za mwaka 1998 kutiwa kioo halisi, lilikuwa la plastiki angavu lililozungushiwa zipu, na sharia yake ni kuifungua zipu na kulilaza dirisha kabla ya kukunja paa, ama sivyo plastiki hupata kunyanzi, na kunyanzi huzaa ufa. Na jua, ambalo huko halina subira, hulimalizia kwa kuligeuza manjano. La kwangu lilikwisha fika daraja ambayo dereva, akitazama nyuma, hutambua tu kwamba ni mchana.

Ilikuwa Oktoba. Mvua za Luapula huanza Novemba na hazina nia ya kukoma kabla ya Aprili, na fauka ya hayo, Desemba mosi uvuvi hufungwa kwa amri ya serikali mpaka mwisho wa Februari, basi kila mwenye gunia hulikimbiza sokoni kabla ya siku hiyo. Nikampelekea motokaa fundi mmoja wa injini za mashua, mtu mwenye heshima zake, akaisikiliza ikinguruma, akatikisa kichwa kwa huruma. “Injini hii nzima, mukwai,” alisema, kwa neno lao la heshima. “Ugonjwa wako ni wa fundi cherehani.” Fundi cherehani naye alikuja na utepe wake, akapima urefu na upana, akanong’ona hesabu, kisha akasema kuwa sindano zake ni za kitenge wala haziwezi kitambaa kile cha paa, ila kama nataka mapazia yuko tayari. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kazi ile haina mwenyewe, na kazi isiyo na mwenyewe humwangukia aliye karibu.

Paa jipya, tayari na dirisha lake, liliagizwa kwa njia ya Dar es Salaam, likaja kwa mabasi, Tunduma, Kasama, Mansa, hata likanifikia limekunjwa ndani ya sanduku ambalo sijui liliingizwamo kwa uchawi gani, maana lilipotoka halikurudi tena. Zamani wakubwa wa serikali walichukuliwa katika nchi hizi kwa machela iliyofunikwa turubai, na turubai likichanika ilikuwa ni shughuli ya wapagazi. Sikupata kuwahusudu watu wale mpaka siku hiyo.

Kwanza ilitakiwa kumhamisha kuku aliyekuwa akiatamia nyuma ya viti, naye alipinga. Kisha hufunuliwa zulia, zikaonekana nati ndogo, za spana ya 10, zilizopangwa safu ukutani. Hizo hushika mabapa ya chuma, na mabapa hukaza mfereji wa plastiki upokeao maji ya paa na kuyapeleka katika mirija miwili, mmoja kila upande, yatokee chini karibu na magurudumu ya nyuma. Mirija yangu haikupitisha hata tone. Niliichokoa kwa waya, taratibu, kwa kuwa mrija ukitobolewa maji hujificha ndani ya bodi na kuiozesha kwa siri, na kilichotoka kilikuwa chisense walioshikamana, urithi wa mdeni wangu, ambaye laiti angalinilipa hao mapema nisingalikuwa nimepiga magoti pale. Halafu bolti tatu kila upande, na kiunzi kizima huinuliwa na watu wawili. Kilipolazwa chini ya mwembe, mbavu zake za chuma nje, nilipata faraja: ni kombamoyo hizi, na kuezeka nimekuona tangu utotoni. Ribiti zilitolewa kwa keekee ya seremala wa mitumbwi, na ngozi kuukuu ikavuliwa.

Ngozi mpya haikubali kuvutwa ingali na mikunjo. Hutandazwa juani ilainike. Basi niliitandaza juu ya mkeka, pindo zake nimekwisha zipaka gundi ili ikauke kidogo kama inavyotakiwa, nikaenda kusali adhuhuri. Niliporudi, bibi mmoja jirani yangu alikuwa amemwaga juu yake pato zima la chisense la usiku, akilisawazisha kwa kiganja kwa ustadi mkubwa. “Natotela, mukwai,” alinishukuru, akaniarifu kwamba weusi ule unakausha upesi kuliko mchanga na kwamba ingefaa nilete mwingine. Nani atamgombeza mtu aliyekwisha shukuru? Tuliwaondoa mmoja mmoja, naye akihesabu, ghairi ya wale walioangukia penye gundi, ambao wamo katika pindo mpaka leo.

Kiunzi kilipokwisha vikwa ngozi mpya na kurudishwa mahali pake, kulifunga paa kulikuwa vita. Paa jipya ni fupi mpaka lizoee, na ulimi wa komeo ulibaki mbali na kioo cha mbele kwa upana wa kiganja. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu walitutazama kwa muda, kisha wakainuka bila kuitwa, wakashika ule ubavu wa mbele, wakauvuta kwa mwendo ule ule wa kuvuta juya, wakiimba, na komeo likalia. Kwa bahati mbaya mmoja alikuwa ameingia ndani ili kusukuma, na milango ilikuwa imefungwa, na ufunguo alikuwa nao yeye, ameshindiliwa kama tende kwenye kopo. Tulimtoa kwa zipu ya dirisha la nyuma, miguu kwanza, na zipu, nashuhudia, ilistahimili.

Mvua ilipokuja haikuingia hata tone moja. Wala hakikutoka kitu: harufu ya pindo zile, ambayo katika paa la zamani ingalipotea njiani kwa upepo wa matobo na nyufa, sasa ilikaa nasi ndani, ikapevuka, hata mke wangu akaapa kwamba ataandamana nami kwa miguu. Tangu hapo tunakwenda Kashikishi paa limekunjwa, dirisha limelazwa kwa kufuata sharia, yeye na mwavuli wake, mimi na kofia yangu ya ukindu. Juzi mchuuzi mmoja wa Pweto alituzunguka sokoni akitutazama, akaipapasa ile ngozi, akaiona ni mpya kabisa wala haina kazi, akaniuliza kwa adabu, kwa kuwa anahitaji cha kufunikia magunia yake mashuani, paa peke yake nauza kiasi gani. Nilitaja bei, akataja nusu yake, na bado hatujaafikiana.